Mgonjwa Mwenzako Naye Alipwe

Jamani, sogeeni kivulini tuongee. Mtu wa hapa Lodwar, Turkana, akiambiwa ana sukari, au presha, au kifafa, au virusi vya ukimwi, hukaa mbele ya daktari dakika chache tu. Foleni ni ndefu na daktari ni mmoja. Mgonjwa anaandikiwa dawa, anaandikiwa tarehe ya kurudi, anatoka. Tarehe yenyewe mara nyingi ni ya miezi mitatu mbele. Sasa nawauliza: zile dakika chache zina mwenyewe. Zina daktari, zina nesi, zina faili, zina fungu kwenye bajeti. Hii miezi mitatu ni ya nani?

Hapo ndipo ninaposonya. Miezi mitatu tumemwachia mgonjwa na watu wa nyumba yake. Sukari ikimshuka saa nane za usiku kule Kanamkemer, hana nambari ya daktari ya kupiga. Dawa ya presha ikimletea kizunguzungu, anakaa anajiuliza kama aendelee ama aache. Mtoto wake akianguka kifafa mbele ya majirani, hakuna aliyemfundisha atawaambia nini majirani hao kesho yake. Dawa nyingi huachwa katika siku kama hizo, na zinapoachwa sisi wa kijiweni tunasema, "Yule naye ni mkaidi."

Anayeingia kwenye pengo hilo siku hizi ni mgonjwa mwenzake, na mara nyingi anaingia kwa simu. Wagonjwa wanajikusanya kwenye grupu za WhatsApp, wengine kwa meseji za kawaida, wengine kwa kupigiana tu. Wanaulizana dawa fulani inapatikana wapi, wanakumbushana tarehe za kliniki, wanatiana moyo. Nilipolisema hili juzi, kijana mmoja wa boda aliyekuwa akisubiri abiria alitikisa kichwa. "Mzee, hizo grupu ni porojo. Watu wanatumiana maua na maombi."

Mama wa chai akamjibu kabla yangu. "Kijana wangu, mamako ana presha, si ndiyo? Akisahau dawa, nani anamkumbusha? Wewe uko barabarani tangu asubuhi."

Kijana hakuwa na jibu, na sisi sote pale hatukuwa nalo.

Chukueni mfano wa insulini. Chupa ambayo haijafunguliwa inatakiwa ikae kwenye baridi ya nyuzi 2 hadi 8. Lodwar yetu hii mchana joto hupita nyuzi 35, na friji ni kitu cha nyumba chache. Daktari anasema, "Weka mahali penye baridi," na amesema sawa. Lakini mwenye sukari aliyeishi nayo miaka mingi ndiye anayeweza kumwonyesha mgeni wa ugonjwa namna ya kuifunga chupa ndani ya mfuko usioingiza maji, kuiweka ndani ya mtungi wa udongo, kuuzungushia mtungi kitambaa kibichi, na kuuficha kwenye kona isiyofikiwa na jua. Maji yanapokauka kwenye udongo, ndani ya mtungi hupoa. Maelezo hayo yanataka nusu saa na mikono miwili, na chumba cha daktari hakina nusu saa.

Sayansi nayo imesogea upande wa watu wasio na friji. Februari 2021 Madaktari Wasio na Mipaka pamoja na Chuo Kikuu cha Geneva walitoa utafiti uliotumia vipimo vya joto vya Dagahaley, moja ya kambi za wakimbizi za Dadaab. Usiku huko nyuzi 25, mchana nyuzi 37. Walijaribu aina kadhaa za insulini katika joto la kupanda na kushuka namna hiyo kwa wiki nne, wakakuta nguvu yake haikutofautiana na ile iliyokaa kwenye baridi. Kwa wakimbizi habari hiyo ilikuwa kubwa, kwa sababu kuna waliokuwa wakilazimika kwenda hospitali kila siku kuchomwa sindano kwa vile nyumbani hawana friji. Mtu wa kwenda hospitali kila siku atafanya kazi gani? Mtoto wa shule atasoma saa ngapi?

Sasa tazameni habari kama hiyo inavyosafiri kwenye simu. Ikitoka kwa watafiti ni wiki nne, na ni nyuzi 37 mwisho. Ikishasambazwa mara kumi inakuwa, "Insulini haihitaji baridi." Nyumba ya mabati ya Lodwar au ya makazi ya wakimbizi ya Kalobeyei mchana inaweza kupita nyuzi 37, na chupa ya akiba ambayo haijafunguliwa bado mahali pake ni kwenye baridi. Kwa hiyo mtungi bado una kazi, na kikundi kinahitaji mtu wa kusema hivyo kwa uhakika. Shikeni hapo, nitapahitaji tena.

Njaa nayo, ndugu zangu. Karatasi ya ushauri inamwambia mwenye sukari ale mboga, matunda, vyakula mchanganyiko, tena kwa wakati. Katikati ya 2025 mgao wa chakula katika kambi ya wakimbizi ya Kakuma ulishuka hadi asilimia 28 ya kiwango kamili, na pesa za wakimbizi za kununulia chakula, zile za Bamba Chakula, zikasimama. Mtu aliyejichoma insulini kisha akakosa chakula yuko hatarini usiku huohuo. Jasho linamtoka, mikono inatetemeka, akili inavurugika, na asipopata kitu cha sukari haraka anaweza kupoteza fahamu asiamke. Daktari anayekutana naye baada ya miezi mitatu hajui kama jioni ya leo amekula. Mwenzake wa mtaa uleule wa kambi anajua, kwa sababu naye hajala. Anaweza kumwambia asiache dawa, asijipunguzie kwa kukisia, akamuulize klinikofisa kesho asubuhi, na usiku huu alale na kijiko cha sukari karibu na mto. Maneno hayo machache yanaweza kuokoa mtu.

Tusijidanganye kwamba mambo haya ya wagonjwa kusaidiana yameletwa na simu. Kaskazini hii ya Kenya ina historia yake, na nasonya tena kwa sababu hatuwasimulii watoto. Kifua kikuu kilipokuwa kikiwamaliza wafugaji, shida kubwa ilikuwa kwamba dawa inataka miezi mingi na mfugaji hawezi kukaa pahali pamoja wakati mifugo inafuata majani. Mwaka 1976, huko Wajir, mwanamke mmoja Mwitaliano aitwaye Annalena Tonelli alianza mpango wa wagonjwa kujenga vibanda vyao karibu na kituo cha matibabu, wakae humo na jamaa zao, wameze dawa kila siku wakionekana, mpaka wamalize miezi sita. Watu wakaziita manyatta za TB. Shirika la Afya Duniani baadaye liliufanya utaratibu wa mgonjwa kumeza dawa akitazamwa kuwa sera ya dunia nzima. Tonelli alipewa Tuzo ya Nansen ya wakimbizi mwaka 2003, na mwaka huohuo akauawa Borama, Somaliland, akiwa bado kazini.

Turkana nayo ilikuwa na manyatta za TB. Fikirieni kilichokuwa kikiendelea mle. Mgonjwa wa wiki ya kwanza anaona mkojo wake umegeuka rangi ya chungwa, anaingiwa na hofu, anadhani ni damu. Aliyemaliza miezi minne anamwambia, "Ni ile dawa, hata mimi ulinigeuka, usiogope." Rifampisini ndiyo hufanya hivyo. Nesi pia angeweza kumwambia, lakini yule aliyekohoa kama yeye, akakonda kama yeye, na sasa ana nyama mashavuni, maneno yake yana mwili. Watu kutoka adakar (kambi za malisho) mbalimbali, ambao huko malishoni pengine hawasalimiani, walikaa kibanda kwa kibanda na kila mmoja alijua ni nani hajameza leo.

Virusi vilipoingia, hali ikawa hiyohiyo. Kampala, mwaka 1987, Noerine Kaleeba alimpoteza mumewe, na mwaka huohuo yeye na wenzake, wengi wao wakiwa wenyewe wameguswa na ugonjwa, wakaanzisha TASO, shirika la kuwasaidia wenye ukimwi. Dawa za kuzuia virusi zilikuwa bado hazijapatikana huko. Walikuwa na ushauri, ziara za nyumbani na kushikana mikono. Kenya nayo, mwishoni mwa miaka ya themanini, Joe Muriuki alisimama hadharani akasema ana virusi, wakati ambapo kusema hivyo kulimfanya mtu akimbiwe hata na ndugu. Miaka iliyofuata alikuwa akiwashauri wengine. Zahanati zilikuja kukuta wagonjwa tayari wamejipanga.

Simu ilipoingia ikakuta kazi hii iko njiani. Kati ya 2007 na 2008, katika kliniki za Nairobi na ile ya Kajiado, waliandikishwa watu 538 walioanza dawa za virusi. Nusu yao wakawa wanapokea meseji moja kila wiki kutoka kwa nesi. Meseji yenyewe ilikuwa neno moja: "Mambo?" Mgonjwa alitakiwa ajibu "Sawa" au "Shida" ndani ya saa 48. Akijibu shida, au akinyamaza, nesi anampigia. Matokeo yakachapishwa katika jarida la Lancet mwaka 2010. Waliotumiwa meseji, asilimia 62 walisema wanameza dawa inavyotakiwa, dhidi ya asilimia 50 ya wenzao. Waliokuwa na virusi vilivyodhibitiwa walikuwa asilimia 57 kwa 48. Meseji haikuwa na ushauri wowote, wala picha, wala vitisho. Ilikuwa inamwambia mtu kwamba kuna mwenzake anayengoja jibu lake.

Kajiado ni nchi ya wafugaji kama hii yetu, nawakumbusha. Tena simu za wakati ule zilikuwa kabambe tu. Mtu asije akasema Turkana tungoje mpaka kila mmoja awe na simu ya kupapasa.

Kuna mfano mwingine unaotufaa hata zaidi, na unatoka Msumbiji. Katika mkoa wa Tete, kuanzia 2008, wagonjwa wa virusi waliokuwa wametulia walijigawa vikundi vya watu wasiozidi sita. Kila mwezi mmoja wao anasafiri kliniki, anapimwa yeye, anawachukulia wote dawa, anarudi nazo kijijini na habari. Mwezi ujao ni zamu ya mwingine. Hivyo kila mtu anafika kliniki mara moja kwa miezi sita na dawa hazimkosi. Katika miaka ya kwanza, vikundi 291 vyenye watu 1,384 vilihesabiwa, na asilimia 97.5 walikuwa bado wapo kwenye matibabu. Na Kenya yenyewe, katika mwongozo wake wa mwaka 2016, ilikubali kwamba mgonjwa aliyetulia anaweza kupata dawa za muda mrefu na hata kuzipokea kupitia kikundi. Mtu wa Kibish au wa Loima anayetembea siku nzima kufuata dawa aliruhusiwa zamani kupokezana na wenzake. Ni nani amemwambia?

Wenye presha na sukari nao wasiseme hayo ni mambo ya virusi. Magharibi mwa nchi, wataalamu wa mpango wa afya wa AMPATH wa kule Eldoret walifuatilia watu karibu 2,900 na matokeo yakatoka 2021. Waliowekwa kwenye vikundi vya matibabu vilivyounganishwa na vikundi vya kuweka akiba, presha yao ilielekea kushuka zaidi kuliko ya waliokwenda kliniki kwa njia ya kawaida. Hilo la akiba lina maana kubwa. Kikundi kikiwa na sanduku la akiba, mwanachama anaweza kukopa nauli ya kliniki au hela ya dawa iliyokosekana hospitalini, na mtu huwa haachi kufika kwenye kikao chenye pesa yake.

Hapa Turkana hatukosi mtu wa kutufundisha jambo hili. Wazee wanasimulia habari za Nayeche, mwanamke wa Kijie aliyefuata nyayo za fahali wa kijivu kutoka upande wa Karamoja, akashuka bonde la Tarach, akakuta maji na matunda ya mwituni, akaishi. Vijana waliotumwa kumtafuta fahali wakamkuta yeye, akawaonyesha nchi. Mlima wa Moru Anayeche ungali una jina lake, na Tarach ndio huo mto unaopita Kakuma. Mgonjwa aliyemaliza miaka kumi na ugonjwa wake ni Nayeche wa wale wanaoupata leo. Amepita pale penye kiu, anajua maji yako wapi. Kumwacha akae kimya nyumbani kwake ni hasara yetu sote.

Nimesema mazuri, sasa niseme mabaya, maana kijiwe kinachosifu tu hakimsaidii mtu.

La kwanza ni uongo unaovaa joho la tiba. Mwaka 2011 watu walipanga foleni ya magari kilomita kwa kilomita kwenda Samunge, Loliondo, kunywa kikombe cha Babu Ambilikile Mwasapile kwa shilingi 500 za Tanzania. Wakenya walikuwa wengi mle. Wapo waliotoka vitandani hospitalini kwenda huko, wapo walioacha dawa za virusi na za sukari wakiamini wamepona, na wapo waliofia njiani na waliofia nyumbani. Na sisi Kenya tusiwanyoshee Watanzania kidole. Mwaka 1990 Rais Moi mwenyewe alitangaza Kemron kuwa dawa ya ukimwi, taifa likapiga makofi, na haikuwa dawa. Ikiwa uongo uliweza kutembea hivyo kwa redio na kwa mdomo, leo unatembea kwa kubonyeza mara moja. Kwenye grupu ya wagonjwa hakukosekani anayeleta unga wa mizizi, na nambari ya kutuma pesa iko chini yake. Naye amechagua mahali vizuri, maana humo wamo watu waliochoka, wenye maumivu, wenye hamu ya kusikia neno "kupona".

Dawa ya hili ni ileile niliyowaambia mshike. Kila kikundi kiwe na mtu mmoja wa afya ndani yake, nesi au klinikofisa, anayesoma na kusahihisha. Asizungumze kila saa, maana akitawala yeye wagonjwa watanyamaza. Lakini akisikia "acha dawa", aseme hapana siku hiyohiyo, kwa jina lake na kwa sababu. Na kiongozi wa kikundi awe na haki ya kumtoa mwuza unga bila kuona haya, hata kama ni shemeji yake.

La pili ni siri. Hapa nasonya kwa sauti, kwa sababu kosa ni letu sisi wa kijiweni. Mji wa Lodwar si mkubwa, Kakuma mtaa unajua mtaa. Simu moja inatumiwa na mume, mke na kaka mdogo. Ujumbe wa kliniki ukitokea kwenye kioo mtoto akiwa anacheza na simu, siri ya mama imekwisha. Mtu mmoja kwenye kikundi akipiga picha ya mazungumzo akamtumia rafikiye, watu wote waliosema ya moyoni wameanikwa. Sheria ipo. Sheria ya kuzuia na kudhibiti ukimwi ya mwaka 2006 inakataza kutoa hali ya mtu bila ridhaa yake, na ile ya kulinda data ya mwaka 2019 inahesabu habari za afya kuwa habari nyeti. Lakini mama aliyeachwa na mume kwa sababu ya picha ya simu atafika mahakamani lini, na kwa nauli ya nani?

Kwa hiyo kikundi kijilinde chenyewe kabla ya mahakama. Jina la kikundi lisitaje ugonjwa. Kliniki isitume meseji yenye jina la dawa, na mfano wa "Mambo?" unatuonyesha kwamba inawezekana. Anayeingia aulizwe kwanza kama simu ni yake peke yake. Na asiyetaka kuingia asilazimishwe, apewe mtu mmoja tu wa kuongea naye.

La tatu ni wale ambao simu haiwafikii. Ukitoka barabara kuu mtandao unapotea. Kuchaji simu kunataka kibanda chenye umeme na hela. Bando ni pesa ya unga. Wengi wa wazee wetu hawasomi, na katika Kakuma kuna Kiturkana, Kisomali, Kidinka, Kinuer, Kiarabu cha Juba, Kirundi, Kifaransa, na Kiswahili kinachojaribu kuwashika wote mkono. Grupu ya maandishi ya Kiingereza iliyofunguliwa na shirika fulani ili ipigwe picha ya ripoti haimsaidii mzee mwenye presha kule Kalobeyei. Ujumbe wa sauti kwa lugha yake unamsaidia. Redio inamsaidia, na tunazo: Akicha hapa Lodwar, na Atanayeche kule Kakuma ambayo hata jina lake ni la yule mama wa bonde. Kipindi cha nusu saa kwa wiki, mgonjwa anaongea na wagonjwa kwa Kiturkana, na nesi ameketi kando kusahihisha, kingefika mahali ambapo hakuna bando. Na mti wa wazee, pale wanapokaa na ekicholong zao, vile vigoda vyao, nao unaweza kusikia habari za presha kutoka kwa mzee mwenzao. Wazee wanaume ndio wagumu zaidi kwenda kupimwa, wala hawatasikia kwa kijana wa shirika.

Sasa nifike ninapotaka kufika. Kazi hii yote ya kukumbusha, kusikiliza usiku, kumsindikiza mtu kliniki, kumfuata aliyekatiza dawa mpaka kwao, ni kazi. Inafanywa na watu ambao wenyewe ni wagonjwa, wengi wao akina mama, na tumezoea kuwashukuru kwa maneno na soda. Katika huduma za virusi angalau kulikuwa na akina mama washauri na vijana washauri waliopewa marupurupu, na pesa hizo kwa sehemu kubwa zilitoka Marekani. Januari 2025 serikali ya huko iliposimamisha misaada ya nje, wengi wakaambiwa wakae nyumbani. Wapo walioendelea kuwapigia wenzao simu kwa krediti ya mfukoni mwao. Nawavulia kofia. Lakini nchi haiwezi kujengwa juu ya krediti ya mfuko wa mama mgonjwa.

Na njia ya kuwalipa tunayo tayari. Septemba 2023 serikali ilizindua wahudumu wa afya ya jamii 100,000 nchi nzima, wakapewa mkoba wenye kipima presha na kipima sukari, wakapewa simu, na wakaahidiwa posho ya shilingi 5,000 kwa mwezi, nusu kutoka serikali kuu na nusu kutoka kaunti. Wanapita nyumba kwa nyumba. Ni jambo jema. Basi kwa nini mwenye sukari aliyekwisha kujifunza kuishi na sukari asiwe kwenye orodha hiyohiyo, akafunzwa na kulipwa kwa kazi ya kuwashika mkono wenye sukari wenzake? Mhudumu anampima jirani na kumwambia namba iko juu. Mgonjwa mwenzake anakaa naye baada ya hapo, miezi mitatu hadi tarehe ya kliniki, kisha miezi mitatu mingine, na mingine.

Tena wasitenganishwe wa Lodwar na wa Kakuma. Mpango wa serikali uitwao Shirika, uliozinduliwa Machi 2025, unaahidi wakimbizi na wenyeji watumie huduma zilezile badala ya kila upande kuwa na zahanati yake. Ugonjwa wa sukari hauulizi kitambulisho, na Mturkana wa Kakuma mjini na Mkongomani wa kambi ya Kakuma Moja wakiwa na kikundi kimoja watajuana kwa namna ambayo mikutano mingi ya amani haijaweza.

Mtu asije naye akageuza maneno yangu. Kikundi hakizalishi insulini. Wagonjwa mia wakitiana moyo, duka la dawa la hospitali likiwa tupu, watakachobaki nacho ni kusikitika pamoja. Nimesikia wakubwa wakisema, "Wagonjwa wajitegemee, wasaidiane," na hapo hapo dawa za presha hazipo. Hiyo siikubali. Kusaidiana kunaongezwa juu ya dawa iliyopo, juu ya nesi aliyepo na juu ya chakula kilichopo. Anayetumia kusaidiana kuficha rafu tupu anawadhulumu watu wawili, anayekosa dawa na yule aliyetumwa kumfariji.

Afya ilikabidhiwa kaunti tangu 2013, na Katiba inataka wananchi waulizwe kabla bajeti haijapitishwa. Mikutano hiyo huitwa kila mwaka kabla ya mwisho wa Juni, na kila mwaka sisi wa kijiweni hatuendi, halafu tunakaa hapa kusonya. Safari hii twende. Tuombe mstari mmoja wenye jina la kazi, wagonjwa washauri, na kiasi cha posho kimeandikwa mbele yake, pamoja na bando la kila mwezi na mafunzo kila mwaka. Tuombe kila kliniki ya sukari, presha, kifafa na virusi iwe na nesi ambaye kazi yake mojawapo, iliyoandikwa, ni kuwa ndani ya kikundi cha wagonjwa wake. Na tukifika ukumbini tusishike kipaza sauti sisi wenye midomo mirefu. Tuwape wenye ugonjwa wanaotaka kusema, wazungumze wao kwanza, kwa lugha yao, na mwenye kalamu aandike.